Chanzo Kisichotaka Kutajwa Jina

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, kwa kuwa nakujua: barua hii utaisoma kwanza peke yako, kisha utaisoma kwa sauti mbele ya jirani, na salamu zisipowatosha wawili utasema mji umenifundisha uchoyo. Goti linasemaje? Kaka ameniambia umeanza tena kupanda ngazi za dukani bila fimbo. Alidhani ananipa habari njema. Mimi nilisikia habari ya mtu asiyemsikiliza daktari, lakini nimenyamaza, maana siku nitakayokukataza jambo ukaliacha bado haijachapwa kwenye kalenda yoyote. Cherehani nayo? Ulisema sindano zinakatika ovyo. Nimekutumia pakiti mpya, imo kwenye mfuko wa kaki pamoja na gazeti. Gazeti usilifungue kwanza.

Mimi ni mzima. Kazi ipo, meno yapo, na nyumba haivuji tena tangu fundi alipopanda juu ya paa na kushuka na kiatu cha jirani kilichokuwa kimeziba mfereji. Namna kiatu kilivyofika kule hakuna anayetaka kueleza, na mimi siku hiyo nilikuwa mapumziko, kwa hiyo sikuuliza.

Aliyekukabidhi barua hii ni mkweo, na bila shaka umeona amekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Nimemwambia asirudi bila jibu lako, tena jibu la maandishi. Mpe chai na umwache apumzike. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu niliifikiria. Lakini kwenye simu wewe husema ndiyo kwa kila kitu ili mazungumzo yaishe, halafu siku ya siku unasema hukusikia vizuri. Ndivyo makochi ya kaka yalivyofika sebuleni kwako. Jambo hili haliwezi kwenda kama makochi, kwa sababu kuna kazi ya mtu ndani yake, mtu asiye na kosa. Nitakueleza lilivyotokea, kwa mpangilio, na nakuomba usiruke kurasa.

Unakumbuka nilikuambia wenye gazeti wanataka kuanzisha ukurasa wa Kiingereza, utoke kila Jumatatu. Kiingereza cha kusoma ninacho, na cha kuuliza maswali kwenye mikutano ninacho. Cha kuandikia gazeti ni kitu kingine. Basi wakaleta mwalimu, binti ambaye umri wake unalingana na umri wa mkoba wangu, wakatupandisha sote ghorofani kwenye chumba cha magazeti ya zamani, wazee kwa vijana, tukakaa kwenye viti vya plastiki na madaftari mapya. Wewe ulicheka uliposikia. Ulisema uzee umekosa shughuli. Mama, nakuarifu kwamba nimefurahia kila dakika.

Mwalimu anasema neno la Kiingereza halitembei peke yake. Lina mwenzake, na ukimpa mwenza mwingine watu wanakutazama kama umemleta mke wa mtu harusini. Na maneno ya kazi yetu ya habari ndiyo yenye ndoa za ajabu kuliko yote. Kwao habari mpya haitokei, huvunjika. Siri ya ofisi huvuja kama ndoo. Gazeti hubeba habari, na habari ikiwa kubwa hutengeneza vichwa. Mkubwa akiwekwa kikaangoni na waandishi, kwao huwa yuko chini ya moto. Fundi mitambo wetu, aliyekuja darasani kwa sababu ya biskuti, aliuliza hiyo habari iliyovunjika nani kaiangusha. Mwalimu hakukasirika. Alimwambia hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na tangu hapo fundi hakosi.

Nilimwambia mwalimu kuwa na sisi tunazo ndoa zetu. Habari kwetu hutufikia hivi punde, hata kama imekaa mezani tangu asubuhi. Duru ni za kuaminika siku zote, sijapata kuona duru za kutiliwa shaka. Uchunguzi huendelea, haujawahi kusikika umeisha. Mwalimu alicheka mpaka akakaa, akaniambia niandike hayo yote. Nikaona huyu mtoto anajua kazi.

Zoezi la kwanza alitupa maneno yake ubaoni, akatuambia kila mtu aandike habari moja fupi akiyatumia yote. Mimi niliandika habari ya bomba la maji lililopasuka karibu na soko, kama lilivyopasuka. Akanirudishia na maandishi ya rangi ya kijani: maneno yote yamekaa mahali pake, lakini nusu ya habari nimeisimamisha nikisubiri kuthibitisha. Aliniita pembeni akaniambia kwa upole kuwa hili ni zoezi, si gazeti, na katika zoezi la pili ninaruhusiwa kubuni.

Kubuni, mama. Unajua mwanao nimefanya kazi hii tangu enzi za taipureta, na jina langu halijapata kuandikwa chini ya masahihisho. Ndiyo maana pale ofisini wananiita Nukta. Sentensi zangu ni fupi, na nikishaweka nukta hakuna wa kuongeza. Wana hata msemo wao: Nukta haulizwi. Maana yake, ukiona habari ina jina langu, ipeleke mtamboni, usipoteze muda kupiga simu. Msemo huo niliupenda. Sasa nimeanza kuutazama kwa jicho jingine, na utaona kwa nini.

Nilikaa na lile zoezi la pili mchana mzima. Kila nilichotaka kubuni kilikuwa na mwenyewe. Nikibuni moto, nasikia kikosi cha zimamoto kikinipigia simu. Nikibuni mwizi, namwonea mwizi. Mwishoni nikasema nitachukua kitu cha kweli, nibuni kitu kimoja tu ndani yake, kidogo, kisichomdhuru mtu. Nikachukua ukumbi wa abiria wa stesheni.

Huo ukumbi unaujua. Umejengwa, umepakwa rangi ya krimu, umewekwa feni, umefungwa utepe mlangoni, kisha umetiwa kufuli kungoja mgeni rasmi wa kuufungua. Mgeni rasmi ana shughuli nyingi. Mvua zimekuja zikaenda, utepe umepauka, na abiria wanakaa nje juu ya masanduku yao. Nikaandika hayo kwa Kiingereza. Nikaandika mabenchi bado yamevikwa nailoni za dukani. Nikaandika ufunguo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda ofisini kwa mkuu wa stesheni. Yote hayo kweli. Neno la kuvuja nikalitumia, la kuvunjika nikalitumia, na la chanzo kisichotaka kutajwa jina nikaliweka kwenye aya ya tatu, mahali pake hasa. Nikamnukuu afisa wa stesheni ambaye hakutaka kutajwa jina, akisema, “Chumba kinamsubiri mgeni, na wageni wanasubiri nje.”

Najua umekunja uso. Endelea kusoma.

Kitu kimoja nilichobuni, ukimwacha yule afisa wa kulijazia neno la mwalimu, ni siku. Nikaandika kuwa ukumbi utafunguliwa Jumatatu asubuhi. Nikaweka nukta, nikaandika jina langu chini kama ninavyoandika chini ya kila kitu, nikalihifadhi zoezi kwenye kompyuta ya chumba cha habari, kwenye jalada la ukurasa wa Kiingereza. Mwalimu ndiye aliyesema tuyaweke humo, ili ayapate yote pamoja. Ijumaa hiyo nikaenda nyumbani kupaka rangi jikoni.

Sasa, ukurasa huo una msimamizi wake, kijana mwenye bidii tunayemwita Shimo, kwa kuwa kila unapopita mezani kwake analalamika kuwa ana shimo. Shimo ni nafasi tupu kwenye ukurasa. Jumapili hiyo muuza magodoro aliondoa tangazo lake dakika za mwisho, na Shimo akabaki na shimo la kumtosha mtu kulala. Akafungua jalada. Akakuta kuna habari fupi, safi, ya Kiingereza kizuri, ina jina langu. Nukta haulizwi. Akaichapa. Mhariri mkuu, ambaye sisi tunamwita Mkasi, akaiona ikipita, akaipenda, akaagiza itafsiriwe kwa Kiswahili na kuwekwa ukurasa wa mbele wa gazeti kubwa. Naye hakuuliza. Kwa hiyo zoezi langu la darasani lilitoka Jumatatu kwa lugha mbili, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na vichwa vya habari viwili kwa siku moja.

Mimi nililiona kwenye kibanda cha chai, nikiwa na rangi ya jikoni bado kwenye kucha. Nilisoma kichwa cha habari nikasema moyoni, huyu mwandishi kanitangulia, kapata wapi hii? Ndipo nikaona jina.

Sikwenda ofisini. Nilikwenda stesheni. Nilikuta watu wamejipanga mbele ya mlango wa ukumbi, na mizigo yao, na watoto wao, na magazeti mkononi. Mmoja alikuja na godoro lililokunjwa. Nilisimama nyuma yake. Mwenzake alikuwa akimwambia hawa watu wa stesheni hawatafungua leo wala kesho, wewe huwajui. Yule wa godoro akamwambia kwa utulivu kuwa leo watafungua, kwa sababu kaandika yule Nukta, na Nukta haandiki uongo. Mama, mimi si mtu wa kutokwa jasho. Asubuhi ile nilifungua kifungo cha juu.

Mkuu wa stesheni alikuwa kasimama barazani na gazeti lake, akilisoma, akitazama watu, akilisoma tena, kama mtu anayetafuta mahali alipoitwa jina lake. Nilikuwa nimeanza kusogea ili nimweleze. Ndipo mvua ikaanza, na mvua haijui mgeni rasmi. Watu hawakukimbia. Walivuta mizigo karibu na mlango wakamtazama. Mkuu akakunja gazeti lake. Kisha akaingia ofisini, akatoka na ufunguo, akaazima mkasi wa mkata tiketi, akaukata utepe mwenyewe. Hotuba yake ilikuwa maneno mawili. Alisema, “Kama ilivyotangazwa.”

Watu walipiga makofi. Nailoni zilichanwa kwenye mabenchi kwa kelele kama za sikukuu. Yule wa godoro alilala papo hapo, juu ya benchi jipya, na godoro lake chini ya kichwa.

Angekuwa mwandishi mwingine angefurahi. Mimi nilibaki pale mlangoni nikipiga hesabu yangu. Nilichoandika chote kilikuwa kweli isipokuwa siku na yule afisa. Sasa na siku imekuwa kweli. Lakini habari haiwi kweli kwa kubahatisha, kama vile suruali haiwi imeshonwa vizuri kwa sababu aliyeivaa kakonda ikamtosha. Huo ni msemo wako, nimeupunguza kidogo.

Nikaenda kwa Mkasi nikamwambia ile ilikuwa zoezi. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka akafunga mlango. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia mwalimu anajua, kwa kuwa keshanipa alama. Mkasi akasema basi imekwisha: ukumbi umefunguliwa, watu wamekauka, gazeti limekwisha mapema kuliko siku zote, tunasahihisha nini? Tuandike kwamba tulisema ukweli kwa makosa? Nikamwambia ndivyo hasa tutakavyoandika. Akaniambia nikapumzike. Shimo, kwa upande wake, tangu siku hiyo ananiletea chai kila asubuhi bila kuombwa, na ananiuliza kila kitu, mpaka jana ameniuliza kama jina langu nimeliandika sawasawa.

Pengine Mkasi angenishinda, maana ana ufundi wa kuahirisha jambo mpaka life lenyewe. Lakini Jumanne mkuu wa stesheni alifika ofisini kwetu, amevaa koti lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa. Wakubwa wake walikuwa wamempigia simu. Kwanza walimpongeza kwa kufungua ukumbi. Halafu wakamwuliza ni nani pale stesheni aliyezungumza na gazeti bila ruhusa, wakataka jina. Hana jina. Ila amefikiri, na kwa kufikiri kwake ameona anayeingia na kutoka ofisini mwake kila siku ni mmoja tu, yule dada mkata tiketi. Hajamwandikia barua, lakini keshamwambia ajiandae kuhamishwa, na mkata tiketi amelia mpaka abiria wakamwonea huruma wakampa yeye chenji.

Nilimweleza ukweli mbele ya Mkasi. Nilimwambia hakuna mfanyakazi wake aliyesema nami hata neno, ile ilikuwa kazi ya darasani, na siku niliibuni mimi. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa. Kisha akasema, “Bibi, zoezi haliwezi kujua ufunguo wangu ulikuwa nyuma ya kalenda.”

Na hapo alikuwa na haki. Mkasi naye akageuka akanitazama. Kwa mara ya kwanza pale ofisini, Nukta akaulizwa: nani alikuambia?

Jina sikulitoa, mama. Sheria ya kazi yangu ni kuwa chanzo hakitajwi mpaka mwenyewe akubali. Sheria hiyo nimeishika mbele ya watu wenye bunduki, sitaiacha mbele ya mtu mwenye koti. Nilimwomba mkuu wa stesheni asimguse mkata tiketi mpaka Jumamosi, nitampa jibu litakalomridhisha. Alifikiri, akakubali. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyewekewa ufunguo na wakubwa akaambiwa angoje.

Sasa ndiyo nimefika kwenye jambo lenyewe, na kama jirani yuko hapo mwambie asogee asikie vizuri.

Chanzo changu ni wewe.

Nakumbusha, si kwa sababu umesahau, ila jirani hakuwepo. Ulipokuja kunitazama mwaka jana, treni ya kukurudisha ilichelewa na mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda kazini. Ulikaa nje juu ya sanduku lako. Ulichungulia dirishani kwa kiganja ukaona mabenchi yamevikwa nailoni. Ukamfuata mkuu wa stesheni ukamwambia goti linauma, akakukaribisha kiti ofisini mwake na chai. Ukaona kifungo cha koti lake kinaning'inia kwa uzi mmoja, ukatoa sindano kwenye mkoba ukamshonea akiwa amelivaa. Ukaona kalenda yake iko nyuma mwezi mzima, na kwa kuwa huvumilii, ukainuka kuigeuza ukurasa. Nyuma yake ukakuta ufunguo una kibandiko kimeandikwa ukumbi. Uliuliza, akakujibu kuhusu mgeni rasmi. Hayo yote uliniambia mwenyewe ulipofika nyumbani, kwenye simu ile ndefu ambayo nilidhani sikuwa naisikiliza kwa makini, na ukaimaliza kwa maneno yale: chumba kinamsubiri mgeni, na wageni wanasubiri nje. Nilipokuwa nabuni, mama, nilidhani nimeyatoa kichwani mwangu. Nilipoyaona kwenye gazeti nikasikia sauti yako.

Kwa hiyo nilikugeuza afisa wa stesheni. Hilo ni la kwanza la kuomba radhi. La pili ni kubwa zaidi. Niliandika kwamba hukutaka kutajwa jina. Mama, tangu nianze kazi hii umelalamika kuwa nimeandika habari za kila mtu, hata ng'ombe aliyezaa mapacha nilimtaja na jina lake, na wewe bado. Kila nilipokuja nyumbani ulifungua gazeti, ukapitisha kidole, ukalifunga. Katika watu wote walio hai, wewe ndiye wa mwisho ambaye mtu angemwandikia kuwa hakutaka kutajwa jina. Nimeandika mambo mengi magumu, lakini sijapata kuandika jambo lililo mbali na ukweli kama hilo.

Masahihisho nimeyaandika. Nikimtajia mkuu wa stesheni mwanamke aliyemshonea kifungo, ataamini papo hapo, kwa sababu kifungo hicho bado kipo, nimekiona, uzi wa buluu kwenye koti jeusi kama ulivyozoea kufanya ukikosa mweusi. Mkata tiketi atabaki dirishani kwake. Mkasi hapendi, lakini nilimwambia yakikosa kutoka nitaacha kuandika jina langu chini ya habari, na kila mtu ataanza kuulizwa. Alifikiria hizo simu zote, akakubali. Ameyakata kidogo, ndiyo kazi yake. Yamebaki hivi, yatatoka kwa lugha zote mbili, na mwalimu ameyapitia:

“Habari tuliyochapa Jumatatu kuhusu ukumbi wa abiria ilikuwa zoezi la darasani. Haikupaswa kutoka. Siku ya kufunguliwa ilibuniwa na mwandishi. Maneno yaliyonukuliwa hayakutoka kwa afisa wala mfanyakazi yeyote wa stesheni. Ni ya abiria, fundi cherehani, mama mzazi wa mwandishi. Si kweli kwamba hakutaka kutajwa jina. Hakuulizwa.”

Sasa nakuuliza.

Jina lako lina nafasi yake, kati ya fundi cherehani na mama mzazi. Nimeiacha wazi, na Shimo anaitazama kila anapopita, mikono inamwasha. Andika ndiyo au hapana, utie sahihi, mpe mkweo. Ukisema hapana, nitakwenda kwa mkuu wa stesheni nitafute njia nyingine, na hakuna atakayejua, ila jirani. Ukisema ndiyo, andika jina lako kama unavyotaka lisomeke, maana safari hii halitasahihishwa tena. Kisa cha kifungo usikiongeze. Najua utataka. Nafasi haipo.

Darasa linaendelea. Mwalimu ameweka sheria mpya, kila zoezi liandikwe neno ZOEZI juu kwa herufi kubwa, na fundi mitambo ameniomba radhi kwa niaba ya mashine. Mkuu wa stesheni ameahidi mwenyewe, bila kujua anamwahidi nani, kwamba chanzo hicho kikijulikana na kama si mtu wake, atakipa kiti cha mbele ukumbini na chai. Nimemwambia kinapenda chai isiyo na sukari nyingi, kwa ajili ya sukari yake. Akanitazama sana.

Nisalimie kaka, mkewe na watoto, na mwambie yule mdogo kuwa swali lake kuhusu sauti ya redio inavyopita ukutani nimelipeleka kwa fundi mitambo, naye anaendelea na uchunguzi. Nisalimie jirani, na umshukuru kwa kusikiliza. Goti lipake dawa kabla ya kulala, si baada ya kulalamika. Gazeti sasa unaweza kulifungua. Ukurasa wa mbele, aya ya tatu.

Nabusu mikono yako, hasa ule wenye kidole cha kutafutia majina.

Wako mtoto wa pili,
Nukta

Nyongeza: Mkasi anauliza kama una picha nzuri. Nimemwambia unazo nyingi, na kwamba umekuwa ukiziweka tayari.